Nunua jina kwanza, tovuti baadaye

Leo naongea juu ya kitu kidogo ambacho wenye tovuti wengi hawajawahi kukisikia: rekodi ya CNAME. Msikimbie, hakuna hesabu hapa. Ila nina maoni makali kidogo, kwa hivyo atakayeudhika aniwie radhi.

Tembea mjini uangalie mabango na magari ya biashara ndogo ndogo. Utaona anwani ndefu inayoishia na blogspot au wordpress, ama ukurasa wa Facebook. Rangi imepakwa vizuri, lakini jina lililoandikwa pale si mali ya mwenye gari. Yeye ni mpangaji tu. Yahoo walipofunga GeoCities Oktoba 2009, mamilioni ya kurasa yalipoteza anwani. Posterous ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012, ikazimwa tarehe 30 Aprili 2013. Waliokuwa na domeni yao walihamisha maandishi na kuelekeza jina kwingine, wasomaji wao wakaendelea kuja kwa anwani ile ile. Waliotumia jina la bure walibaki na viungo vilivyokufa.

Sasa, CNAME inaingia wapi? Katika DNS, mfumo aliobuni Paul Mockapetris mwaka 1983, rekodi ya A hutaja namba ya IP moja kwa moja. CNAME ni lakabu. Inasema: mimi ni yule kule, nenda ukamuulize yeye. Mtu wa Blogger huandika hivi:

www.mfano.co.ke. CNAME ghs.google.com.

(Hiyo nukta ya mwisho si urembo. Ukiandika faili la DNS kwa mkono na kuisahau, utaelekeza tovuti kwa ghs.google.com.mfano.co.ke, kisha ulaumu Google bure.)

Google wakibadilisha namba za seva zao kesho, wewe huguswi. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaobandika namba ya IP kila mahali eti ni haraka zaidi. Ni kweli, unaokoa swali moja la DNS, milisekunde chache. Lakini siku kampuni inayohifadhi tovuti itakapohama seva, wateja 40 watakupigia simu asubuhi moja.

Kuna wanaodhani CNAME humhamisha msomaji kwa anwani nyingine. Hapana. Kivinjari bado kinaonyesha www.mfano.co.ke, na seva ya kule inaulizwa kwa jina hilo hilo. Kwa hivyo lazima pia uiambie huduma ya kule kwamba jina hili ni lako, na iwe na cheti cha HTTPS cha jina hilo. Usipofanya hivyo utapata ukurasa wa 404 au onyo jekundu, na utakaa hapo ukisubiri DNS "isambae" mpaka kuche.

Halafu kuna jina tupu, yaani mfano.co.ke bila www. Hapo CNAME hairuhusiwi. RFC 1034 ya Novemba 1987 inasema jina lenye CNAME lisiwe na data nyingine, na jina tupu ni lazima liwe na rekodi za SOA na NS. Kampuni moja ya utalii huko pwani iliniita baada ya barua pepe zao kukatika siku 2 nzima, msimu wa wageni. Fundi aliyenitangulia aliweka CNAME kwa jina tupu na mfumo wao ukakubali bila kuuliza. Kila seva ya barua iliyotafuta MX ilitumwa ikaulize jina lingine, ambalo halikuwa na habari na barua zao. Nafasi za kulala wageni zilipotea hivyo hivyo. Weka CNAME kwa www, na jina tupu lipe rekodi ya A au ALIAS. Cloudflare nao wana njia yao: seva yao ya DNS hutafuta IP yenyewe, kisha hujibu kana kwamba ni rekodi ya A.

Hatari ambayo haisemwi vya kutosha ni CNAME iliyoachwa. Umefunga akaunti ya duka la mtandaoni, lakini duka.mfano.co.ke bado inaelekeza kule. Kwa huduma nyingine, mgeni anaweza kufungua akaunti, akadai jina hilo na kuweka chochote chini ya jina lako, hata fomu bandia ya malipo, tena akiwa na cheti halali. Futa CNAME kwanza, ndipo ufunge akaunti. Wengi hufanya kinyume.

Lakini haya yote ni bure kama huna nywila ya domeni yako. Fundi anayesajili domeni ya mteja kwa jina lake mwenyewe anajiwekea mateka, na wako wengi kwetu Kenya. Usikubali maelezo ya "nitakushughulikia". Tafuta domeni yako ya .ke katika whois ya KENIC, uone imesajiliwa wapi, kisha umwombe aliyeisajili akuonyeshe jina na barua pepe zilizo kwenye akaunti. Ukikuta ni zake, mwambie azibadilishe wiki hii, kabla hamjagombana juu ya bei.