Yeremia 29 Haianzi Mstari wa 11

Hapa Kikula, mjini Likasi, mstari wa Yeremia 29:11 ni maarufu kuliko sura yake. Nafundisha vijana Biblia kila Jumapili, na karibu wote wameukariri: Mungu anatuwazia mema. Wanautumia kuombea mtihani wa serikali, viza, kazi mgodini. Siwakatazi kuomba. Nawasihi tu waanzie mstari wa 1.

Hapo wanakuta barua. Yeremia anawaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Yerusalemu hadi Babeli, na habari yake ni nzito: miaka 70. Wajenge nyumba, walime bustani, waoze watoto wao, wauombee amani mji wa waliowateka. Manabii walioahidi kurudi upesi anawaita waongo.

Likasi ingepaswa kuielewa barua hiyo kuliko miji mingi. Mwaka 1992 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao hapa, wakapiga kambi stesheni wakingoja treni, na wengine wakafia palepale. Mtu akiusoma mstari wa 11 huku akiwakumbuka hao, hawezi tena kuugeuza hirizi ya kupatia gari.

Na ukiishia mstari wa 11, unaukosa mwaliko wenyewe. Katika mstari wa 12 na 13 Mungu anawaita wahamishwa wamwombe na wamtafute kwa moyo wote. Anangoja jibu.

Wapendwa, jioni hii isomeni sura nzima kwa sauti, nyumba nzima ikisikia. Kisha mwombeeni jirani wa kabila jingine, kwa jina lake.