Lugha Ipi ya Kompyuta Tuchague?

Walimu waundapo kikundi cha kutunga programu ya kujumlisha alama, hubishana: Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, au Ruby ya Yukihiro Matsumoto, ya mwaka 1995? Python hutenga mafungu kwa nafasi za mwanzo wa mstari. Ruby huyafunga kwa neno maalumu. Kazi hiyo kila moja yaiweza. Basi hoja si ubora wa lugha, bali ni nani atakayeisoma programu mtungaji wake akihamishwa. Katika shule za vijijini kama Mgori, uhamisho wa mwalimu mmoja waweza kuziacha alama za watoto bila mtunzaji. Ndugu mwanachuo, yafaa kuchagua lugha wanayoifahamu wenzako wengi.