Ukienda porini, mpe fundi kiti

Kama unakaa Kawangware, au hupitia Naivasha Road ukitoka Dagoretti Corner, bila shaka umeyaona yale magari makubwa yanayoegeshwa nje ya vibanda vya mafundi siku ya Ijumaa. Ni magari ya kuendea porini: Land Rover kuukuu zenye turubai, Land Cruiser zilizofungwa mitungi ya mafuta nyuma, na pikapu zenye matairi mapana ya matope. Wenyewe husimama kando wakitazama saa. Chini ya gari utaona miguu miwili tu imechomoza, na mara kwa mara mkono mweusi kwa grisi ukitokeza kuomba spana. Jioni gari huondoka. Jumatatu hurudi likiwa limejaa vumbi, na fundi huingia tena chini yake. Vumbi hilo analijua kwa rangi, lakini huko lilikotoka aghalabu hajawahi kukanyaga.

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja mpaka likizo ya Agosti iliyopita, mjomba wangu alipojitolea kutupeleka Magadi, na kutoka hapo mpaka Nguruman chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Mjomba ana Land Rover ya zamani, ile ndefu, aliyoinunua mnadani na anayoipenda kuliko anavyokubali. Watu wa nyumbani tulikuwa watano: yeye, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili.

Siku mbili kabla ya safari tuliipeleka kwa fundi wake wa siku zote, ambaye amefanya kazi chini ya mti mmoja Kawangware kwa miaka kumi na tisa. Msaidizi wake ni kijana wa miaka kumi na minane kutoka Laini Saba, Kibera, ambaye huvuka Ngong Road kwa miguu kila asubuhi na ambaye spana zake mwenyewe, anazozihesabu jioni kama mama anavyohesabu vijiko, amezinunua mojamoja katika soko la Toi.

Fundi alikagua gari kutoka mbele hadi nyuma. Kisha akafungua boliti sita za habu ya nyuma upande wa kulia, akavuta hafu-shafti nje. Kwa asiyejua, huo ni mtaimbo wa chuma unaotoka katikati ya ekseli na kwenda kuzungusha gurudumu. Ncha yake ina meno, na meno hayo yanapaswa kunyooka kama mistari ya daftari. Haya yalikuwa yamejipinda.

"Mzee, hii imechoka," alimwambia mjomba. "Nunua nyingine Kirinyaga Road, hata iwe ya mkono wa pili. Kama hutaki niifunge sasa, ibebe ndani ya gari."

Mjomba akacheka. "Fundi, wewe kila nikija ni kununua tu. Imenipeleka Namanga na kunirudisha."

Nakiri, msomaji, kwamba nilimuunga mkono mjomba. Sisi watu wa Nairobi tumejifunza kumshuku fundi kabla hajafungua mdomo. Tukapunguza bei ya kazi, tukakataa hafu-shafti, tukajiona werevu.

Wakati wa kulipa fundi aliuliza njia ya Magadi ikoje siku hizi. Nilishangaa, kwa kuwa nilidhani yeye ndiye angetueleza sisi. Hapo ndipo aliposema kwamba upande huo hajawahi kupita Kiserian. Amefunga springi za magari yaliyokwenda Turkana, Marsabit na Maasai Mara, lakini nauli yake mwenyewe ni ya kwenda kwao Krismasi na kurudi. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye hajui kwamba kuna maswali yasiyoulizwa mbele ya wakubwa, akasema, "Si aje na sisi?" Mjomba alinyamaza kidogo, akatazama viti vya nyuma, akasema sawa, na kijana naye aje.

Kabla sijaendelea, nikukumbushe kwamba mchezo wa kupeleka gari mahali pasipo na barabara haukuletwa na matangazo ya televisheni. Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na wazee wengi wa mitaani wanamkumbuka Joginder Singh, aliyezishinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Halafu kuna Rhino Charge, iliyoanza 1989 ili kuchangisha fedha za kuujengea ua msitu wa Aberdare, ua wa kilomita 400 hivi uliokamilika mwaka wa 2009. Humo mshindi si mwenye mbio. Magari hupewa saa kumi kufikia vituo 13 vilivyotawanywa porini, na anayevifikia vyote kwa kwenda kilomita chache zaidi ndiye mshindi, hata kama njia yake ya mkato inapita juu ya mawe makubwa kama nyumba. Huko hakuna anayeondoka bila fundi. Ni sisi wa kawaida, wenye magari mabovu zaidi, tunaoondoka na soda na mikate pekee.

Basi tukaondoka alfajiri kupitia Karen na Ngong mjini. Tulipopita Corner Baridi, pale barabara inapoanza kuteremka bondeni, fundi aliomba tusimame. Alitazama chini kwa muda mrefu. Nilidhani anastaajabia mandhari, kumbe anasikiliza injini ikipoa. Pengine alikuwa akifanya yote mawili. Kutoka Nairobi hadi Magadi ni kama kilomita 110, na unashuka zaidi ya mita 1,000, hivi kwamba sweta ulilovaa Ngong utalivua kabla hujafika Oltepesi. Watoto waliona magadi yenyewe, waridi na meupe, na heroe wakiwa wamesimama majini kwa mguu mmoja. Baada ya hapo lami ikaisha.

Tulikuwa tumeupita mji wa Magadi kwa mwendo wa saa moja hivi, kwenye korongo lililokauka, jambo lenyewe lilipotokea. Mjomba aliingia korongoni kwa magurudumu ya nyuma tu. Kifundo cha njano, kile kinachosukumwa chini ili ekseli ya mbele nayo ivute, hakukigusa, akidai korongo ni kavu. Gari lilipanda ukingo wa pili nusu, gurudumu likateleza, likashika jiwe kwa ghafla, na tukasikia mlio mmoja kama wa kuni kavu ikivunjwa. Injini ikanguruma, gari lisiende.

Mjomba akavuta breki ya mkono, tukateremka sote. Kijana akachukua jeki na kuanza kuingia chini kwa nyuma. Mwanangu wa miaka minane alikuwa amechuchumaa kwenye mchanga nyuma ya gari akiokota vijiwe, maana hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Mjomba alikuwa bado kwenye usukani, mguu juu ya breki.

"Mzee, usitoe mguu!" fundi alipiga kelele. "Nyinyi tokeni hapo nyuma! Mawe kwanza!"

Alimvuta mwanangu kwa mkono mmoja na kumsukuma kijana kwa mwingine. Mjomba, kwa kushtuka, akainua mguu. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa mpaka mwisho, lakini gari lilirudi nyuma polepole, bila sauti, karibu mita tatu, mpaka likasimama mchangani pale pale mtoto alipokuwa.

Nikiandika haya mikono bado inaniwia mizito. Hiki ndicho alichokijua fundi na sisi hatukukijua: katika Land Rover za aina ile breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela, yaani ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Hafu-shafti ikikatika, propela inaweza kushikwa imara kabisa na magurudumu yakazunguka yatakavyo. Kwa hivyo kama una gari la namna hiyo, usimruhusu mtu kuingia chini yake, wala kulipandisha kwa jeki, kabla hujaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiamini breki ya mkono hata ukiwa tambarare.

Baada ya hapo kazi ilichukua saa mbili na nusu. Jua lilikuwa la kuchoma, na vijana wawili wa Kimaasai waliokuwa na mbuzi walisimama kutusaidia kukusanya mawe. Fundi aliomba ubao wa kuweka chini ya jeki ili isizame mchangani. Hatukuwa na ubao, tukatoa mbuzi ya kukunia nazi niliyoibeba kwa ajili ya wali. (Hadi leo inachechemea.) Akafungua zile boliti sita, akatoa nusu ya hafu-shafti. Nusu ya pili ilibaki ndani, na hapo mjomba alitaka tuondoke hivyo hivyo. Fundi akakataa. Kipande kile, alisema, kikianguka ndani ya difu kitasaga gia zote, na gari halitatoka hapa ila kwa kubebwa na lori.

Alipinda waya akatengeneza kitanzi, akauingiza kwenye tundu la ekseli, na akakaa kulitegea lile chuma kama mtu avuaye samaki gizani. Mara kumi lilishikika na kuponyoka. Kijana alimmulikia kwa simu. Mara ya kumi na moja likatoka, na watoto wakapiga makofi.

Kisha akafungua propela ya nyuma na kuiweka ndani ya gari. Kile kipande cha nje cha hafu-shafti, chenye uso wa duara, akakirudisha mahali pake na kukaza boliti, kisiendeshe chochote ila kizibe tundu la habu kama kifuniko cha sufuria, vumbi lisiingie wala oili isimwagike. Mwisho akasukuma kifundo cha njano chini. "Sasa mbele itatuvuta," alisema. Ikatuvuta kweli, mpaka Magadi mjini, tukalala huko. Nguruman hatukuiona.

Wasomaji wengine mtauliza, je, kila safari tubebe fundi? La, si kila mtu ana nafasi. Lakini kama mnachanga jamaa watatu au wanne kukodi gari la kwenda njia mbaya, na wengi siku hizi hufanya hivyo, kiti kimoja kimpeni fundi anayelijua gari hilo, mumlipe siku zake, na chakula kiwe kile kile mnachokula. Msipoweza, basi Jumamosi moja kabla ya safari kaeni naye kutwa nzima kibandani, watoto pia. Mwombeni awaonyeshe jinsi ya kubadilisha mkanda wa feni, namna ya kuziba pancha ya tyubu, na mahali jeki inapokaa bila kuteleza. Bebeni maji ya rejeta mbali na ya kunywa, na rejeta ikichemka msiifungue mpaka ipoe, hata mkiwa na haraka gani. Fundi wetu ana kovu kwenye mkono wa kushoto kwa ajili ya mteja aliyekuwa na haraka. Sabuni ya mche itaziba tangi la petroli linalovuja kwa kusuguliwa tu pale penye ufa, walau mpaka mfike mjini. Waya hamtajuta kuubeba. Kwenye mchanga punguzeni upepo wa matairi, lakini muwe na pampu ya kuurudisha mkifika lami. Na akiwaambia jambo fulani limechoka, muulizeni awaonyeshe kwa macho kabla hamjaanza kubishana juu ya bei. Meno yale yaliyojipinda tuliyaona sote watano.

Tulirudi siku ya pili polepole, tukipanda bonde kwa ekseli moja. Tulisimama Olorgesailie, ambako Louis Leakey na mkewe Mary walianza kuchimba mwaka wa 1942, na ambako mashoka ya mawe ya watu walioishi karibu miaka milioni moja iliyopita yamelala juu ya ardhi kwa wingi kama maganda ya mahindi sokoni. Watoto walipita mbio. Fundi ndiye aliyebaki, mikono nyuma, akitazama moja baada ya jingine. Alimwonyesha kijana jiwe moja lililochongwa pande zote mbili kwa usawa, na jingine lililovunjika katikati likaachwa.

"Hili alilitupa," alimwambia. "Aliona limekataa, akaanza lingine."

Jumanne mjomba alikwenda Kirinyaga Road mwenyewe, akanunua hafu-shafti mbili. Ile iliyokatika imetundikwa kwa waya kwenye mti kule Kawangware, na fundi huwaonyesha wateja wabishi. Nilipopita hapo majuzi nilimkuta na mafundi wenzake wawili wakiunganisha Land Rover yao wenyewe kutokana na vipande vya magari matatu. Wanataka kuzipeleka familia zao Magadi mwezi wa Desemba, na kijana wa Laini Saba ameahidiwa kiti cha mbele. Viti vimekwisha kushonwa. Giaboksi ndiyo bado wanaitafuta.