Pesa za Sanda Tunazo, Nauli ya Kliniki Hatuna

Kijana akiachiliwa Shimo la Tewa anachukua vitu vyake, anavuka lango, anapanda matatu. Baada ya saa moja yuko maskani ile ile, na wenzake wale wale. Kete pia ni ile ile. Mwili ndio umebadilika. Ndani amekaa miezi bila unga, au akipata kidogo sana, kwa hivyo kipimo alichozoea zamani sasa kinaweza kumuua siku hiyo hiyo. Tunaambiwa "alizidisha", tunaenda maziko.

Sio bahati mbaya. Utafiti uliochapishwa 2007 ulifuatilia watu zaidi ya 30,000 waliotoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza, hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 kuliko ya raia wengine. Jimbo la Rhode Island nalo likaanza kutoa dawa za tiba, methadoni ikiwemo, ndani ya jela, na kumuunganisha mtu na kliniki akitoka. Kati ya 2016 na 2017 vifo vya kuzidisha dawa kwa waliotoka jela vilishuka kwa asilimia 60 hivi.

Kwetu dawa ipo. Kenya ilianza kutoa methadoni Desemba 2014 pale Mathari, Malindi ikafuata 2015, na Kisauni nako kuna kliniki. Lakini mgonjwa huinywa kila siku, mbele ya mhudumu. Mtu ametoka jela jana, kazi hana, nyumbani wamemchoka. Nauli ya kutoka Likoni hadi Kisauni kila siku ataitoa wapi? Akikosa siku mbili tatu, arosto inamrudisha kwa muuzaji. Na muuzaji, tuseme ukweli, hukopesha.

Jedwali la Nne la Katiba limeweka magereza chini ya serikali kuu. Huduma za afya mashinani na udhibiti wa dawa za kulevya ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo pale langoni mmoja ameshamaliza na mwingine hajaanza. Pengo hilo liliachiwa wafadhili, Marekani hasa, na Januari 2025 iliposimamisha misaada yake ya nje ndipo wengi tuliona tulijenga kwenye kiwanja cha mwenyewe.

Kuna watakaouliza: hospitali hazina panadol, leo tuwape mateja? Swali ni la haki. Ila pesa tayari tunalipa: polisi wa kumkamata tena, korti, chakula cha jela, na simu yako aliyokunyang'anya.

Na sisi pia tujiangalie. Akifa, sanda inachangwa kabla ya Adhuhuri. Akiwa hai akiomba nauli ya kliniki, twamwambia muongo, unaenda kuvuta.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwa bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili, kisha kamati ya bajeti huita wananchi watoe maoni. Mwaka huu tusiwaachie wazee wa barabara na mitaro peke yao. Nenda, na uulize MCA wako swali moja: katika kitabu hiki cha bajeti, ni ukurasa gani wenye pesa za methadoni, nauli na kitanda cha siku 14 za kwanza kwa aliyetoka Shimo?