Tusikae Baraza Moja

Mwezi wa Juni, mwaka 1871, mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley aliwasili Unyanyembe, akiwa katika safari ya kumtafuta Dk. Livingstone. Wafanyabiashara wa Kiarabu walimkaribisha Kwihara, karibu na Tabora. Wakati ule Tabora ilikuwa njia panda ya habari. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika hapo, ikagawanyika: moja ikaelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita na habari za kila upande.

Lakini Stanley alikaa katika baraza moja tu, nalo lilikuwa baraza la wenyeji wake. Katika baraza hilo Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa mnyang'anyi, basi. Madai yake juu ya hongo ya misafara, na juu ya wageni kuingilia utawala wa Unyanyembe, hayakupata wakili pale. Stanley aliamini aliyoyasikia, na mwezi wa Agosti akaingia vitani upande wa wafanyabiashara. Walishindwa. Miaka mitano baadaye, Aprili 1876, alikutana na Mirambo uso kwa uso, wakafanya udugu wa damu. Mtu aliyekuwa ameambiwa ni jambazi alimwona kuwa muungwana.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu intaneti imeturudishia njia panda ya Tabora, kubwa kuliko ile ya kwanza, na pamoja nayo imeturudishia hatari ile ile ya kukaa baraza moja.

Wengi wetu hudhani kwamba watu wawili wakiuliza neno moja katika mtambo wa kutafutia habari, hupata jibu moja. Sivyo. Mtambo hutazama mahali ulipo, lugha unayotumia, na mara nyingi mambo uliyoyatafuta na kuyafungua hapo awali. Tangu Desemba 2009, Google ilianza kuwapangia matokeo kwa namna hii hata watu wasiojiandikisha kwake. Mwaka 2011 mwandishi wa Marekani, Eli Pariser, alitoa kitabu kuonya kwamba hali hii humfungia mtu ndani ya povu la mawazo yake mwenyewe.

Hata hivyo, haifai kuutwika mtambo lawama yote. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kwa wastani, ni matokeo kama 12 tu katika kila 100 yaliyotofautiana kwa sababu mtambo ulimtambua anayeuliza. Mchujo wa kwanza, tena ulio mkali zaidi, tunaufanya sisi wenyewe kabla mtambo haujafanya lolote: tunauliza swali ambalo jibu lake tumekwisha kulikubali moyoni.

Mfano upo karibu nasi. Katika mikoa yetu ya magharibi, Tabora ikiwa mmojawapo, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi kwa sababu tu macho yao ni mekundu. Kijana mwenye imani hiyo akiandika katika simu yake maneno "dalili za mchawi", ataletewa kurasa zinazozungumza juu ya wachawi, kwa kuwa hicho ndicho alichokiomba. Mwenzake akiandika "sababu za macho kuwa mekundu", ataletewa habari za moshi wa kuni na magonjwa ya macho. Vijana hao wawili wanaishi kijiji kimoja na wanamfahamu bibi yule yule. Kila mmoja atafunga simu yake akiamini kwamba dunia nzima imemuunga mkono. Tofauti ya maneno machache yaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo cha mtu asiye na kosa.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Lakini anayeuliza ili aambiwe alilokwisha kuliamini, huyo hajauliza. Amejipigia makofi tu.

Jambo hili lawahusu walimu na watumishi wa umma kuliko watu wengine. Kosa la mtu binafsi huweza kuishia nyumbani kwake. Kosa la mtumishi huingia katika taarifa, taarifa ikaingia katika bajeti, na wananchi wakalipia. Kosa la mwalimu huingia katika madaftari ya darasa zima, na baada ya miaka linakuwa ukweli wa kizazi. Tena kwa kuwa maandishi ya Kiswahili katika intaneti bado ni machache, ukurasa mmoja mbovu huweza kumfikia kila aulizaye.

Twapendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha. Kila jambo zito liulizwe mara mbili: mara ya kwanza kwa maneno ya anayeliamini, na mara ya pili kwa maneno ya anayelipinga. Walimu wawape wanafunzi swali moja, wayalinganishe majibu ya simu mbili au tatu, kisha wajadili kwa nini yametofautiana. Mtumishi anayeandika taarifa afike kwenye chanzo chenyewe, iwe ni takwimu za serikali, kitabu cha maktaba, au mkulima anayehusika. Na kumbukumbu ya utafutaji katika simu ifutwe mara kwa mara, kwani jambo hilo linawezekana.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha Tabora, mwaka 1962 aliandika kijitabu alichokiita "Tujisahihishe". Jina hilo latosha kuwa agizo kwa kila mwenye simu mkononi. Mtambo hauwezi kutusahihisha, kwa kuwa umetengenezwa utupatie tunachokitaka. Kazi ya kutafuta tusichokitaka, nacho ni kweli, imebaki kuwa yetu.