Mtu Hakwishi kwa Kuugua Akili

Iko desturi mbaya ya kumhesabu aliyeugua akili kuwa amekwisha, hasa akiwa amepita miaka 40. Akirudi kutoka Mirembe, Dodoma, hupewa chakula na pa kulala, wala haulizwi anataka kufanya nini. Sisi hatukubali.

Yayoi Kusama, mchoraji wa Japani aliyezaliwa mwaka 1929, tangu utoto aliona vitu ambavyo wenzake hawakuviona. Mwaka 1977, akiwa na miaka 48, alikwenda kwa hiari yake kukaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Tokyo. Karibu na hapo alikuwa na chumba cha kazi: mchana akichora, usiku akirudi hospitali. Mwaka 1978 alitoa riwaya yake ya kwanza, na mwaka 1993 alisimama kwa niaba ya Japani katika maonyesho makubwa ya Venice. Maradhi hayakumtoka. (Hatusemi kila mgonjwa atakuwa Kusama, wazima wangapi wamekuwa?)

Basi twataka seremala wa miaka 50 anayemeza dawa zake asinyimwe randa kwa sababu aliwahi kulazwa. Na kama kazi ya zamani imemshinda, afundishwe nyingine. Wasimamizi wa kazi na viongozi wa matawi ya wafanyakazi, ninyi ndio tunaowaambia.