Umekata Springi, Shoki Umeacha Vile Zilikuwa: Hiyo Si Stance, Hiyo Ni Deni

Wasee, wacha nianze na mimi mwenyewe kabla mtu aniambie najifanya mwalimu.

Miaka miwili iliyopita niliposti video nikionyesha vile unaweza kushusha gari bila pesa. Grainda, fundi mmoja wa jua kali, na mizunguko miwili ya springi imeanguka chini. Fundi alichukua elfu tatu. Gari ikalala, rimu zikajaa kwenye fenda, video ikaenda mbali kuliko kitu chochote nilikuwa nimewahi kuposti. Nilijiona bingwa. Gari yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa Impreza ya 2006, ya mathe, na sikumuuliza.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunatoka kwa cucu huko Ol Kalou. Mathe na ndugu zangu wawili wamekaa nyuma, shosho mwingine wa kanisa yuko mbele, na kwa buti kuna magunia mawili ya waru. Karibu na Njabini tukapata tuta ambalo halijapakwa rangi. Si kasi ya ajabu, ilikuwa kama sitini. Gari iligonga chini, ikaruka, ikashuka, ikaruka tena. Ile mara ya pili nilishika usukani na nikahisi hakuna kitu mikononi. Tulivuka mstari mzima kuelekea upande wa pili. Lori iliyokuwa inakuja ilipiga honi hadi leo naisikia. Tulirudi upande wetu kwa neema tu.

Hakuna mtu aliongea hadi Flyover. Halafu mathe akauliza swali moja: "Kijana, hii gari umeifanya nini?"

Hii post ni jibu ambalo sikuwa nalo siku hiyo.

Tuelewane kwanza. Sijakuja kusema gari iliyoshushwa ni ya wahuni. Hiyo ni stori ya wazee wa kikundi cha WhatsApp. Gari chini, ikifanywa vizuri, inapinda kona bila kulala upande na inatulia kwa barabara. Napenda stance. Ninachopinga ni hii tabia ya kushusha gari kwa springi peke yake, halafu shoki unaachia zile zilitoka nazo Japani, na ukiulizwa unasema "ziko fiti, hazivuji."

Sikumaliza kampasi, niliacha mwaka wa pili, na sikuwa nasomea uhandisi. Lakini hii hesabu ni ya kugawanya tu.

Springi ndiyo inabeba uzito wa gari. Shoki haibebi kitu. Kazi ya shoki ni kutuliza springi ikishabonyezwa: inasukuma mafuta kupitia vitundu vidogo ndani, ile nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto, na gari inatulia. Gusa shoki baada ya barabara mbaya, utaipata moto. Bila hiyo kazi, gari yako ni godoro la kuruka lenye namba za KD.

Sasa, springi ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi na ukate mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Kata miwili, inakuwa ngumu kwa asilimia 50. Nguvu ambayo hiyo springi inarudisha imeongezeka, lakini shoki ni ile ile iliyopimwa kwa springi laini ya kiwandani. Haiwezi kuishika. Ndio maana gari inagonga tuta moja na inaruka mara tatu. Na tairi likiwa hewani, halina breki wala usukani. Hata ABS haina la kufanya na tairi ambalo haligusi lami.

Pili, nafasi. Tuseme shoki yako ikiwa imetulia ina milimita 80 za kushuka kabla igonge mwisho. Ukishusha gari milimita 50, umebaki na 30. Weka watu wanne na waru, umebaki na nini? Hapo shoki inaishi juu ya ile raba ya mwisho, bampu stopa. Wewe unadhani gari ni ngumu kwa sababu ni "sporti." Hapana, unaendesha raba. Raba ikiisha, ni chuma kwa chuma, na sili inaanza kuvuja.

Tatu, na hii ndiyo ilinitoa jasho nilipoielewa: springi iliyokatwa ni fupi. Gari ikiruka na gurudumu lining'inie, springi inaweza kulegea na kutoka kwa kikombe chake. Inua gari yako kwa jeki leo. Kama unaweza kuzungusha springi kwa mkono, usiendeshe hiyo gari hadi uibadilishe. Na wale wanaochoma springi kwa gesi ili ilale, hao wameharibu chuma chenyewe. Ikishapoteza ugumu wake hakuna kuirudisha.

"Basi ninunue gani?" Sasa tunaongea.

Jua kwanza gari yako iko na nini. Strati na shoki si kitu kimoja. Strati ni shoki ambayo pia ni sehemu ya mguu wa gari: inashikilia gurudumu lisimame wima, na springi imekaa juu yake. Impreza za miaka hiyo kama yetu ziko na strati kote kunne. Fielder ya kawaida iko na strati mbele. Golf Mk5 na Mk6 vilevile, nyuma springi imekaa kando. Ukienda dukani useme "nipe shoki nne" bila kujua hii, utauziwa chochote.

Halafu pima ni kiasi gani umeshuka. Si kwa macho. Chukua tepi, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kabla na baada.

Kama umeshuka milimita 20 hadi 30 kwa springi zilizotengenezwa za kushusha, kama zile za Eibach, shoki mpya ya gesi yenye urefu wa kawaida kutoka kampuni ya maana inaweza kuishi, mradi ufuate maagizo ya mwenye springi kuhusu bampu stopa. Nimesema mpya. Zile ziko kwa gari saa hii zimeshakula miaka Japani na miaka hapa. Gari inaruhusiwa kuingia Kenya ikiwa na hadi miaka minane. Piga hesabu ya umri wa hizo shoki.

Kama umeshuka zaidi ya hapo, tafuta shoki iliyofupishwa kwa ajili ya gari ya chini. Bilstein wanaeleza hii vizuri: B4 ni ya kurudisha gari kama ilivyotoka kiwandani, B6 ni ngumu zaidi lakini ni ya urefu wa kawaida, B8 ndiyo iliyofupishwa kwa springi za kushusha. B12 ni seti ya B8 na springi za Eibach pamoja. Watu wengi hununua B6 kwa sababu muuzaji alisema "Bilstein ni Bilstein." Jina ni moja, urefu si mmoja. Koni pia wana ile ya rangi ya chungwa, STR.T, iliyofanywa ikifikiria springi za kushusha, na ile ya njano ambayo unaweza kuongeza ugumu wake wa kurudi.

Koilova? Sawa, lakini uliza swali moja kabla utoe pesa: inashuka kwa njia gani? Kuna zile unazungusha kikombe cha springi pekee, na kila ukishusha unakula nafasi ya shoki. Na kuna zile ambazo mwili wenyewe unajifunga kwa bracketi ya chini, kwa hivyo unashusha gari na shoki inabaki na nafasi yake yote. Muuzaji akikosa jibu, toka hapo.

Na kama mfuko ni wa Grogan, hakuna aibu, sote tunapita Kirinyaga Road. Lakini usinunue kwa macho. Angalia ile fimbo inayong'aa: ikiwa na kutu au mikwaruzo, itakata sili. Angalia mafuta: ikiwa imeoshwa ikang'aa kupita kiasi, jiulize walikuwa wanaficha nini. Isimamishe wima, ibonyeze hadi chini. Ya gesi inafaa ipande yenyewe polepole. Ikibaki chini, iache chini. Rudia mara kadhaa. Ukihisi mahali inateleza bila uzito, imekufa. Soma namba ya spea iliyoandikwa na uitafute kwa katalogi ya kampuni kwa simu yako hapo hapo. Boksi yenye jina kubwa si ushahidi, boksi huchapishwa.

Ukishapata, weka mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Badilisha mauntingi za juu kama zimelegea, haina maana kuweka strati mpya chini ya raba iliyopasuka. Mwambie fundi akaze boliti za bushi gari ikiwa imekaa chini kwa uzito wake, si ikining'inia kwa jeki, la sivyo hizo bushi zinakaa zimejipinda na zitachanika mapema. Halafu alainmenti siku hiyo hiyo. Gari ikishuka, magurudumu yanainama ndani, na tairi linaliwa upande ambao huoni.

Najua mtasema nini. "Buda, hiyo ni pesa ya watu wa Karen." Haya, tuhesabu yangu. Elfu tatu ya kukata. Tairi mbili za mbele zikaliwa ndani kwa miezi minne. Strati mbili zikavuja. Springi nne za kununua tena, kwa sababu springi iliyokatwa hairefuki. Nilipomaliza nilikuwa nimelipa zaidi ya bei ya kufanya vizuri mara ya kwanza, na bado gari ikarudi urefu wa kawaida kwa sababu mathe alisema hivyo, na alikuwa na haki.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: kama huna pesa ya shoki, huna pesa ya kushusha gari. Bei ya stance ni springi na shoki pamoja. Ukilipa nusu, hujapata bei nafuu. Umekopa, na anayelipa ni yule amekaa kiti cha nyuma.

Na kwa sisi wenye kamera, tuache unafiki. Tunapiga video gari ikiwa imesimama kwa parking, jua linazama, muziki umewekwa. Hakuna anayeposti ile gari ikivuka matuta ya Rongai ikiwa imejaa watu. Hakuna anayeposti tairi lililoliwa. Mwezi mmoja baada ya ile video yangu, kijana wa Kitengela alinitumia picha ya tairi lake la mbele, waya zimetokea ndani. Aliandika, "Nilifuata yako." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kama hiyo ni kawaida.

Niliifuta hiyo video usiku huo. Ndiyo iliyokuwa na watazamaji wengi zaidi, na sijaijutia hata siku moja.

Kama gari yako imekatwa springi, usingoje wikendi. Iinue kwa jeki leo, jaribu kuzungusha springi kwa mkono, uone. Halafu kabla ubebe mtu mwingine kwa hiyo gari, mwambie umeifanya nini. Kama unaona haya kumwambia, basi tayari unajua jibu.